Mkono Nilioung'ata

Jumatatu, 6 Januari

Wiki ya thelathini na saba. Tumbo linanitangulia kila mahali — leo limegonga meza ya kukatia nguo kabla mimi sijafika. Hata hivyo nimeshona kola ishirini na nne za sare za shule, na hakuna hata moja iliyopinda. Fundi mkuu kavaa miwani akatafuta kosa, akakosa, akaenda kunywa chai amenuna.

Wenzangu wa karakanani wakaniuliza, Mama Kibonge, uzazi wa kwanza ulikuwaje? Nikawaambia nilizaa kimya, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Wakaamini. Mimi nikisema jambo huaminika.

Ukweli tunaujua wanne tu. Mimi, mume wangu, wifi yangu, na mkunga wa hospitali kubwa. Yule niliyemng'ata.

Jumatano, 8 Januari

Niandike tu, hakuna anayesoma humu.

Saa ishirini na sita za uchungu. Mwanangu Kibonge akatoka na kilo nne na nusu — wodi nzima hapakuwa na mtoto kama huyo, manesi walikuja kumtazama! Halafu damu ikafuata. Ikagoma kukata. Mkunga akanipandia kitandani anaminya tumbo, mkono wake mwingine ukapita mbele ya mdomo wangu. Nikaung'ata. Si kidogo. Nina meno thelathini na mawili, sijang'oa hata moja.

Nilizinduka kesho yake na damu za watu nisiowajua mwilini. Mkunga akawa anapita wodini na bendeji. Nikajifanya nimelala. Nililala hivyo siku tatu.

Sasa nirudi kwake, nimpanulie miguu, nimsalimie habari za siku nyingi? Thubutu. Nimejiandikisha zahanati ndogo nyuma ya soko. Nesi wa pale kauliza uzazi wa kwanza ulikuwaje. Nikasema kawaida. Akaandika.

Jumapili, 12 Januari

Wifi amekuja kunisaidia kufua. Dada wa mume wangu huyu, mdomo wake hauna breki. Kibonge akamhesabia mpaka mia — anaruka kumi na nne tu, na miaka minne hajatimiza. Akili kazitoa kwangu. Nikawa nachekelea, sikuona wifi kaufungua mkoba wangu wa kuzalia ili akunje nepi vizuri. Akaikuta kadi ya zahanati.

Akaisoma. Akakaa chini.

"Wifi, hapa wameandika kawaida."

Nikamwambia mwandiko si wangu.

"Kawaida gani? Kanga zako za siku ile nilifua mimi. Maji ya saba bado yalikuwa mekundu."

Nikamtania kwamba sabuni yake ilikuwa hafifu. Hakucheka. Akauliza zahanati wana damu ya kuongezea watu? Nikasema wana feni mpya. Akauliza tena. Basi nikasema: hawana. Na kwamba namwonea haya yule mkunga.

"Sawa, ufe, haya zikuishe," akasema, akarudi kwenye beseni.

Kibonge akauliza nani anakufa. Nikamwambia ahesabu tena, na kumi na nne asiiruke.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwenda hospitali kubwa. Nilivaa gauni nililojishonea, lenye mikono ya puto, ili kama ni aibu basi iwe nadhifu. Wifi kanisindikiza kama askari. Njia nzima naomba mkunga awe amehamishwa, au amestaafu, au ameolewa mbali.

Mlango ukafunguliwa — yeye. Kanenepa. Na chini ya kiwiko, alama: nusu duara, jino kwa jino, zimepangika kama mshono. Kazi safi, hata yeye hawezi kubisha.

Kaitazama kadi. Kanitazama meno.

"Nilidhani umehama mji."

Nikaanza kumwomba radhi, maneno niliyoyafanyia mazoezi tangu nyumbani. Akanikatiza. Akasema ameng'atwa na watatu mpaka leo, lakini wenzangu walikuwa wanabana tu. Nikajikuta nimefurahi. Ndivyo nilivyo.

Halafu, akinipima presha, bila kunitazama, akasema siku ile mkono mmoja ulikuwa tumboni kwangu na mwingine mdomoni, na huo wa mdomoni ndio uliokuwa unampa habari zangu.

"Ulipouachia ndipo nilipoogopa."

Sikupata la kusema. Wifi akasema siku hiyo iandikwe.

Mkunga kalikata neno kawaida kwa wino mwekundu, akaandika mistari minne chini yake. Damu itawekwa tayari. Dripu mapema. Uchungu ukianza, nisingoje nyumbani hata saa moja.

Jumatano, 15 Januari

Nimewaambia wenzangu wa karakanani ukweli wote, na meno nikayataja. Cherehani zote zikasimama. Fundi wa vifungo akasema na yeye alimwaga damu hivyo hivyo, hajawahi kumwambia mtu. Tukarudi kwenye sketi.

Lakini yeye hakung'ata mtu.

Ijumaa, 17 Januari

Saa nne asubuhi, wodini. Uchungu ulinishika nikimsuka Kibonge. Nilimaliza mistari yote kwanza — mwanangu simwachi na nusu kichwa. Mume wangu alizunguka nyumba nzima akitafuta ufunguo, ufunguo uko mkononi mwake.

Dakika nne nne sasa. Dripu iko mkono wa kushoto. Mwandiko mbaya huu si wa mkono, ni wa kiuno. Damu ipo kwenye friji. Nimemtuma mkunga akahakikishe mara mbili, na mara mbili ameenda.

Naogopa. Haya, nimeiandika.

Mkunga kaniletea taulo ndogo, kaikunja mara tatu, ya kung'ata. Nimemwambia siwezi kutia mdomoni kitu chenye pindo lililoshonwa vibaya namna hii. Kacheka. Kavuta kiti, kakunja mkono wa gauni lake, kaulaza mkono kwenye ukingo wa kitanda, karibu na uso wangu. Upande wenye alama.

"Wewe usiachie tu," kasema.

Dakika tatu. Nimemwambia mimi ni mtu mzima, kosa silirudii. Kasema ndiyo, ndiyo, kama anavyoitikia Kibonge akiambiwa alale.

Unakuja mwingine. Huu mkubwa. Mkono wake haujasogea. Nimeushika kwa vidole kwanza — meno yapo akiba