Nyumba ya Terachi

Jumamosi, 1 Oktoba 1966

Joto. Nimepitia mito tena. Mto Muar unatoka milimani upande wa Sri Menanti, unashuka, unageuka kusini, unatoka nje ya wilaya. Nimeuchora bila kutazama kitabu. Kona moja tu nimekosea.

Kijitabu ni cha Kiingereza. Wilaya ya Kuala Pilah, Malesia. Kiliandikwa kwa ajili ya maafisa wageni wanaopelekwa kazini huko, na ramani ya kukunja nyuma. Harith alinitumia mwaka jana. Kwenye jalada aliandika kwa wino wa kijani: "Usome, ujue unakokuja." Mume wangu anapenda wino wa kijani.

Tulipofika Maskati kutoka Unguja mwaka sitini na nne alitafuta kazi miezi minane. Hakupata. Ismail, rafiki yake waliyesoma pamoja Misri, akamwita kwao Malesia akasomeshe Kiarabu. Akaenda. Mimi nikabaki hapa kwa shangazi yake, Bi Thuraya, nangoja kuitwa.

Unguja nilikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa hakuna skuli ya wasichana. Kwa hiyo nasomesha wilaya moja ya watu wengine, kila siku baada ya adhuhuri. Mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja, wote mimi.

Alkhamisi, 6 Oktoba

Kitanda changu kiko pale pale nilipokikuta siku ya kwanza, nyuma ya mlango. Upepo haufiki. Bi Thuraya kaniambia nikisogeze dirishani. Ya nini? Mimi ni mpita njia.

Hatuzungumzi sana. Aliolewa Unguja akiwa kigoli, akakaa miaka sita, akafiwa na mumewe, akarudi kwao hapa. Kiswahili anacho lakini anakitoa kidogo kidogo, kama vyombo vya wageni. Tunakula sinia moja tukiwa kimya.

Jumanne, 18 Oktoba

Barua! Harith kahama. Chumba cha mjini kakiacha, sasa anakaa kijijini Terachi. Nyumba ya mbao, kubwa, juu ya nguzo, paa limepinda pembeni. Mbele mpunga. Nyuma miti ya matunda, mishokishoki na midoriani, anasema, utadhani uko shamba Unguja. Madirisha kayahesabu: kumi na mawili.

Nyumba ya madirisha kumi na mawili si ya mtu mmoja. Ananitengenezea. Nimelia kwa furaha, upuuzi mtupu, nikiwa nimeshika kijiko cha uji.

Terachi nimeiona kwenye ramani. Ukitoka mji wa Seremban unapanda mlima wa kona nyingi uitwao Bukit Putus, ukishuka upande wa pili umefika. Nimetia nukta nyekundu.

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya liwali kuomba kibali cha kusafiri. Bila kibali hutoki nchi hii. Harith kasema nikikipata tu atakuja Bombay kunichukua. Bi Thuraya alinisindikiza na bakora yake.

Karani ni mzee, aliwahi kukaa Pemba. Akaniuliza kwa Kiswahili hiyo Malesia iko wapi.

Nikamwambia. Nikaanza na bahari, nikaingia mabonde, mpunga, mashamba ya mpira. Nikamweleza watu wa Minangkabau walivyovuka kutoka Sumatra wakafyeka msitu wakalima, na baadaye wakaenda kuleta mfalme kutoka kwao kwa asili. Nikafika pale ambapo watu wa kale walikuwa wakiburuta mashua nchi kavu, kutoka mto mmoja hadi mwingine, wapate kukata bara zima bila kuzunguka pwani. Karani aliweka kalamu chini.

"Bibi, nimekuuliza iko wapi tu."

Bi Thuraya kacheka. Sijapata kumsikia akicheka.

Kisha karani akauliza nani anatawala huko. Nikasema yuko mkuu wa wilaya, na chini yake penghulu, kila mmoja na eneo lake. Zaidi ya hapo nikababaika. Hayo yamo sura ya nne, Utawala na Ardhi, nami sijaisoma. Hata Unguja nilikuwa nairuka sura ya namna hiyo katika kila kitabu. Wasichana walikuwa wakisinzia, nami nasinzia nao. Mito na mazao, hapo ndipo nilipokuwa hodari.

Kaniambia ningoje.

Jumatano, 16 Novemba

Hakuna barua. Hakuna kibali.

Leo sikusema neno mpaka laasiri. Nilipofungua mdomo sauti ilikwaruza. Nilimwambia mbuzi wa jirani ashuke kwenye ngazi yetu. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku.

Niseme kweli, maana hakuna anayesoma hapa. Nna upweke mpaka mwili unauma. Majirani ni watu wema, wananikaribisha kahawa, wanasema Kiarabu cha kasi, nacheka wakicheka. Nikirudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba maji.

Jumapili, 4 Desemba

Barua. Ukurasa mmoja, na nusu yake ni salamu.

Kasema wamevuna mpunga. Yeye na "watu wa nyumbani." Nimesoma mara tatu. Watu gani wa nyumbani? Labda Ismail na wazee wake wanakuja kumsaidia. Hakutaja nyumba. Hakuuliza habari ya kibali.

Alkhamisi, 8 Desemba

Mvua kubwa tangu asubuhi. Maji yanashuka majabalini, njia zote mito. Hakuna pa kwenda. Mito nimeimaliza, mazao nimeyamaliza, historia naweza kuisoma kwa ghibu, kitabu kimefungwa. Nikafungua sura ya nne.

Kurasa sita, kavu kama chokaa. Naandika kwa ufupi nilichokiona humo.

Katika vijiji hivi ardhi ya ukoo na nyumba iliyo juu yake huandikwa daftarini kwa jina la mwanamke. Mama humwachia binti. Haitoki nje ya ukoo. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Ndoa ikivunjika huondoka yeye, nyumba inabaki. Afisa mgeni anaonywa asidhani kwamba mwanamume anayemkuta barazani ndiye mwenye nyumba. Na mtu asiye wa ukoo hakai humo ila awe ameoa humo.

Chini yake imeorodheshwa mitaa ambayo sheria hii inafuatwa. Terachi imo.

Nilifunga kitabu. Nikakifungua tena, pengine Kiingereza changu kimeingia kutu. Hakijaingia.

Jioni ile ile. Bado mvua. Jambo moja linanizunguka kichwani. Kitabu alinitumia yeye mwenyewe. Ama hakukisoma, ama alijua sura ya nne nitairuka. Miaka minne ya ndoa alikaa kando yangu nikitayarisha masomo. Ananijua.

Ijumaa, 9 Desemba

Nimemwandikia. Mstari mmoja, bila salamu: "Nyumba ya Terachi imeandikwa kwa jina la nani?"

Nimeipeleka posta mwenyewe, viatu vimejaa tope.

Jumapili, 25 Desemba

Ramadhani. Nafunga, nafuturu, nalala. Bi Thuraya ananisogezea tende nzuri upande wangu wa sinia na kutazama kwengine. Kaniambia tena habari ya kitanda, eti chumba kinanuka joto. Nikasema nitakisogeza. Sikukisogeza.

Ramani nimeikunja. Sitaki kuona nukta ile.

Jumanne, 17 Januari 1967

Kibali kimetoka. Miezi mitatu kuanzia leo. Karani kanipa kwa mikono miwili.

"Wasalimie penghulu wako," kasema.

Nikamshukuru. Nikatembea mpaka nyumbani na ile karatasi kifuani. Nimeingoja tangu Oktoba na leo sijui niifanye nini. Huenda nimekosea. Huenda yuko mpangaji mmoja duniani aliyepewa nyumba ya ukoo kwa hisani tu. Namwomba Mungu niwe nimekosea.

Jumapili, 29 Januari

Sikukosea.

Rahmah binti Abdullah. Dada yake Ismail. Walifunga ndoa Septemba, kabla hajahama. Anasema alikuwa akitafuta maneno ya kuniambia. Kwa wino wa kijani. Anasema nije, Rahmah ameridhia, chumba kipo. Anasema nimfahamu, alikuwa mpweke.

Mpweke! Neno hilo limeniudhi kuliko yote. Yeye mwenye skuli, mwenye wanafunzi, mwenye Ismail. Ningemkuta hapa ningemrushia kitabu.

Ndoa yao halali. Sina la kumwambia kadhi.

Jumatano, 1 Februari

Nimefikiria kwenda. Siku tatu nafikiria. Kibali ninacho.

Lakini sura ya nne nimeisoma. Nyumba ile ni ya Rahmah, na baada yake ya bintiye. Harith mwenyewe mgeni pale, akikosana na mkewe anabeba nguo zake. Mimi nitakuwa mgeni wa mgeni. Nimekuwa mgeni miaka mitatu sasa, kazi hiyo naijua, na siitaki tena.

Na Rahmah? Hata yeye namwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 10 Februari

Nimemwambia Bi Thuraya yote. Harith ni mtoto wa kaka yake, nilidhani atamtetea. Hakumtetea, wala hakumlaani. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha akanisogezea sahani.

"Kula kwanza," kasema.

Nikala. Baadaye nikaandika barua kuomba talaka. Nikaitia posta mwenyewe.

Jumanne, 4 Aprili

Karatasi ya talaka imefika. Hakuniwekea vikwazo, tena kaandika maneno mazuri. Mashahidi wawili. Mmoja Ismail.

Nimelia mpaka kichwa kikagonga. Si kwa ajili yake tu. Ile wilaya nayo. Mpunga, mlima wa kona nyingi, mito yangu. Miaka miwili nilikuwa naishi huko.

Na jambo jingine linanitisha. Niliingia nyumba hii kwa jina la Harith. Sasa mimi nani humu?

Jumatatu, 17 Aprili

Kibali kimekwisha leo. Nimekiweka ndani ya kijitabu, sura ya nne, nikakifunga.

Asubuhi Bi Thuraya alikuwa akichambua mchele. Nimekaa karibu yake. Nimezunguka na maneno siku kumi na tatu, leo nikaona bora niulize kama nilivyomuuliza Harith.

"Bi Thuraya, nyumba hii imeandikwa kwa jina la nani?"

"Langu. Nliirithi kwa mamaangu."

Nikasema, "Na mie je?"

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Weye nshakwambia mara ngapi usogeze kitanda? Kimeziba mlango wako mwenyewe. Unangoja nini?"

Tumekisogeza wawili baada ya chakula. Kizito, na mguu mmoja umechora mstari sakafuni. Kasema basi, mstari si kitu.

Naandika nikiwa juu yake sasa. Upepo unafika. Dirishani naona jabali jeusi na chini yake vibanda vitatu na njia inayopanda. Miaka mitatu niko hapa na jabali hili silijui jina. Kesho nitamuuliza.