Siku Seva Ilipozidiwa na Kina Mama

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri. Nimechoka, lakini ni uchovu mtamu.

Leo nimeponea chupuchupu.

Chama chetu cha wakulima kilikuwa kinagawa mbegu za mahindi, na mfumo wa kompyuta wa kutafuta majina ya wanachama niliuandika mimi. Saa tatu ukaganda. Jina moja, dakika nzima. Watu wa vijiji vya Singe na Nangara wamejaa ofisini, mvua imeshaanza, mbegu zipo stoo na hazitoki. Mwenyekiti akaniambia, "Si uzime uwashe tu!"

Nisingeweza. Niungame: majina ya waliokwisha kuchukua yalikuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya seva, kompyuta kuu inayoendesha mfumo, yanahifadhiwa jioni tu. Uvivu wangu huo. Ningeizima yangepotea, wajanja wangechukua mara mbili, na wengine wangekosa msimu mzima.

Halafu nikafanya baya zaidi. Nilitoka chumba cha nyuma nikamfokea Mama Neema, karani wetu, mtu wa umri wa mama yangu, kwamba amechezea kompyuta. Mbele za watu.

Nikarudi nikafungua konsoli, kile kidirisha cheusi unachoongea nacho na programu huku yenyewe ikiendelea na kazi. Kwanza nikaiamuru ihifadhi majina yote iliyoyashika. Ikakubali. Hapo nikapumua.

Sasa ningeweza kuizima, ila ingeganda tena. Nikaiambia ipime kila kazi inakula muda kiasi gani. Karibu wote uliliwa na kutafuta majina. Nikaomba nione linalotafutwa.

Mama. Mama. Mama.

Niliuandika utafutaji uanze wenyewe zikifika herufi nne. Na huku kwetu nani anamwita mwanamke mwenye watoto kwa jina lake? Daftari la zamani lilijaa Mama fulani ukurasa kwa ukurasa, nami nikalihamisha lilivyo. Basi kila mama aliyefika mezani, seva ilikusanya kina mama wote wa wilaya ndipo imtafute mmoja. Nilipoijaribu peke yangu ilivumilia. Leo imekutana na foleni.

Nikarekebisha pale pale, bila kuizima: isitafute mpaka karani amalize jina na kubonyeza kitufe. Foleni ikasogea. Nusura nilie kwa furaha.

Mchana, mbegu zilipokwisha kutoka, nikamfuata Mama Neema. "Shikamoo mama. Nimekukosea, nisamehe."

"Marahaba. Yameisha," akasema. "Ila mwanangu, mimi niliona mapema. Wanaume walikuwa wanatoka haraka. Nikiandika Mama tu, inaganda. Hukuniuliza."

Nimeihoji mashine kwa muda wa saa mbili nzima. Yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Kesho, kabla sijagusa kompyuta, nitavuta kiti nikae pembeni yake nimwangalie anavyofanya kazi. Na nitauliza kwa adabu.