Mama, Uliponisubiri Kwenye Kona ya Duka la Viatu

Mama yangu mpendwa,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali, kisha mvua, kisha mavuno, ndipo mtu aseme shida yake. Hali yako naijua, kwa hiyo hapo naruka. Mvua zimekuja vizuri, mahindi ya Kakese yamefika kifuani, na nyani ni wale wale. Sasa niseme shida yangu.

Sesilia anaondoka Jumatatu. Mume wake, yule fundi cherehani, amepata kazi Nairobi na amemwita. Kitinda mimba wako, ambaye hata stesheni ya Tabora hajaiona, atapita peke yake njia ile ile uliyopita wewe: treni mpaka Tabora, treni nyingine mpaka Mwanza, meli mpaka Kisumu, halafu treni tena. Jana alikuja hapa stesheni ya Mpanda ninapopima mizigo, akaweka daftari juu ya mzani.

"Kaka, niandikie kama ulivyomwandikia mama," akasema. "Yote. Usiniachie hata moja."

Nimeandika karibu yote. Limebaki neno moja, na mkono umegoma. Ndiyo maana nimeliweka daftari lake pembeni, nakuandikia wewe kwanza.

Unaikumbuka barua ile? Nilikuwa na miaka mitatu Nairobi, karani mdogo wa ghala, mwenye tai moja na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Nilikuandikia kurasa sita za kukuelekeza namna ya kutembea katika mji mkubwa, kana kwamba mji huo niliujenga mimi. Katekista alikusomea jioni baada ya jioni mpaka ukaikariri kama sala. Nami nilikuwa na wasiwasi, nikisema mama yangu hajui kusoma, atafikaje? Siku ya kwenda kukupokea nikakukuta umesimama stesheni ya Nairobi na watu watatu nyuma yako, wanawake wawili wa Tabora na mzee mmoja wa Kahama. Walikuwa wamepotea bandarini Mwanza, ukawachukua wote.

"Huyu mwanao ni mwalimu?" yule mzee akakuuliza.

"Ni karani," ukamjibu, "lakini ana maneno kuliko mwalimu."

Mzee alinieleza jinsi ulivyowakataza kuuliza, "Njia ya kwenda melini ni hii?" Ukawaambia waulize, "Njia ya kwenda melini ni ipi?" Niliiandika hivyo kwa sababu nawajua binadamu. Ukimuuliza mtu kama njia ni hii, atakubali tu, hasa akikuonea huruma, maana hapendi kukuvunja moyo. Mwache akuonyeshe mwenyewe. Kisha muulize na wa pili, na wote wawili wawe watu walioketi na kazi zao, fundi viatu au muuza magazeti. Aliyeketi hapo kila siku anaijua kona yake. Anayezurura anaweza kuwa mgeni kama wewe, ila yeye ana aibu ya kusema. Hayo yote nimemwandikia Sesilia.

Nimemwandikia pia habari ya alama. Nilikuambia usiweke alama kwenye kitu chenye miguu wala magurudumu, ukanicheka, ukasema, "Kwani mimi mtoto?" Siku ya pili ukachelewa kurudi kutoka sokoni Kariokor hadi nikatoka kukutafuta, kumbe kona ya kuingia kwetu Pumwani uliiwekea alama ya mwanamke anayeuza njugu, na mwanamke alikuwa ameuza zikaisha, akaenda zake nyumbani. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu siku hiyo ulichagua mnara, mti, au nguzo, na hukunipotea tena.

Na ile ya kutazama nyuma. Kila ukikata kona, geuka utazame ulikotoka, maana njia ya kurudi ina sura yake, na usipoijua mapema utaiona ngeni. Ulilishika neno hilo sana, hata wapangaji wenzangu wakaniuliza mama yangu anamkimbia nani. Barabara uliivuka kwa kutazama kulia kwanza, magari yanakotokea, na ulivuka ubavuni mwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Hili la mama mwenye mtoto ulilivumbua wewe, silo langu. "Huyo havuki kwa kubahatisha," ulisema. Nami nimelitia katika daftari la Sesilia bila kutaja mwenyewe, kama mwizi.

Jambo moja sikuliandika kwa sababu halikunijia akilini. Sikukuandikia juu ya salamu.

Kutoka stesheni mpaka chumbani kwangu ni mwendo usiofika saa moja. Siku uliyofika ilituchukua asubuhi nzima. Kila mwenye mvi tuliyekutana naye ulimpisha njia, ukapiga magoti, ukapiga makofi taratibu, ukasema, "Mwangaluka," kama tuko njiani kwenda Kakese. Watu walishtuka. Mmoja aliingiza mkono mfukoni akitafuta cha kukupa, akidhani unaomba. Nilihisi masikio yananiwaka moto.

"Mama," nikasema, "hapa watu hawaamkiani njiani."

"Basi wanajuaje kama mwenzao ni mzima?"

Nikakuambia tu uinuke, watu wanatutazama. Ukainuka na kujikung'uta magoti, ukaniuliza kama nyumbani kuna maji ya kunywa. Aibu yangu ilianzia hapo. Nami badala ya kuing'oa ingali changa, niliilea.

Sasa nifike kwenye neno lililobaki. Katika ile barua niliandika, "Tukipotezana, simama hapo hapo. Usinitafute. Mimi nitakuja." Kanuni hiyo ulinifundisha wewe, nikiwa na miaka sita, tulipokwenda kuokota uyoga kwenye vilima vya Mwese. Ulisema anayetafuta na anayetafutwa wakitembea wote wanaweza kupishana kutwa nzima, kwa hiyo mmoja lazima asimame. Nilikupotea kweli. Nikasimama kwenye kisiki nikilia, na jua lilikuwa limeanza kuinama ulipotokea. Kapu lako halikuwa na hata uyoga mmoja. Wote ulimwagika ukikimbia kunitafuta, nawe ulinipangusa kamasi tu.

Jumamosi ile, Mama, ulikuwa umeshakuwa mwenyeji. Nilikuambia tukutane saa saba mchana, nikitoka kazini, kwenye kona ya duka la viatu, lile lililochorwa kiatu kikubwa ukutani, twende tukanunue blanketi la kwenda nalo nyumbani. Baridi ya Julai ya Nairobi ilikuwa imeanza kukuingia. Ukaja mwenyewe kwa miguu, na ukawahi.

Nilitoka ghalani na makarani wawili. Sina haja ya kuwataja, kosa si lao. Walikuwa watu wa mjini, wanaomcheka kila aliyetoka shamba, na nilikuwa nimehangaika mwaka mzima ili wanialike kunywa chai pamoja nao. Niliwahi kuwaambia kwamba mama yangu alisoma misheni na anaandika barua mwenyewe. Siku hiyo ndiyo waliyonialika. Tukatokea upande wa pili wa barabara, nikakuona. Ulikuwa umepiga magoti kando ya njia, unapiga makofi, unamwamkia mzee anayefagia barabara. Yule mzee alikuwa ameshika ufagio wake kifuani, anakuitikia kwa heshima zote.

"Tazameni yule," karani mmoja akasema. "Amekuja na pori lake."

Nikacheka. Wewe ndiye mtu ninayemwandikia, sitakuficha. Nilicheka kwa sauti. Nikajiambia nitakunywa chai kikombe kimoja, nikiwaaga nitarudi mbio. Nilijua utakuwa hapo hapo. Nilijua kwa sababu mwenyewe nilikuandikia usiondoke.

Vikombe vilikuwa vitatu. Mvua ya rasharasha ikaanza, ile isiyo na kishindo lakini haiachi. Nikaiangalia dirishani. Wenzangu wakaanza kisa kingine, na mimi nikabaki kukisikiliza.

Niliporudi ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Ulikuwa umesimama mahali pale pale. Barazani mwenye duka alikufukuza, kwa hiyo ulisimama nje, shuka limelowa limekung'ang'ania mgongoni, na karatasi ya anwani yangu umeifumbata mkononi. Miaka ile wakoloni walikuwa wametangaza hali ya hatari, na askari walikuwa wakiuliza vyeti kila kona. Ulisema wamekuuliza mara mbili, na mara zote mbili yule mzee wa ufagio aliwaambia, "Huyu anamngoja mwanawe."

"Bwana mkubwa alitushikilia kazini," nikakuambia.

Ulinitazama. Ukasema, "Pole na kazi, baba."

Maduka yalikuwa yameshafungwa. Blanketi nililinunua Jumatatu, ukiwa umeshaanza kukohoa.

Sisemi mvua ile ndiyo iliyokuua. Muuguzi wa Mpanda alisema kifua chako kilikuwa kibovu siku nyingi. Nimelishika neno lake kwa mikono miwili, lakini halinishiki mimi. Ulirudi nyumbani unakohoa, ukalima unakohoa, na masika yalipoanza ukalala. Niliitwa, nikachelewa, nikakuta udongo bado mbichi. Sikurudi tena Nairobi. Watu wa Kakese wanasema nimebaki kwa sababu nakupenda. Wanasema kweli nusu.

Miaka yote hii nilijiliwaza kwa jambo moja, kwamba hukujua. Nilisema, mama alikufa akiamini nilishikiliwa kazini, na uongo ule angalau ulikupunguzia maumivu. Nikaukumbatia uongo wangu kama tendo jema.

Juzi mdogo wako, mama mdogo Nyamizi, aliteremka kwa miguu kutoka Mwese na kikapu cha maharage, kuja kumuaga Sesilia. Tulikaa uani kwangu tukimenya karanga. Sesilia alikuwa na hofu, anasema mji utammeza.

"Utakumezaje, nyie watoto nao!" mama mdogo akasema. "Dada yangu aliuweza. Hamkumsikia alivyokuwa anasimulia? Basi siku moja akamwona huyu kaka yenu anatoka kazini na wakubwa wenzake, wote na tai, wanacheka. Akaniambia, 'Nyamizi, moyo wangu ulijaa. Nilitaka kumwita, nikajitazama nimepiga magoti barabarani, nikasema nitamwaibisha mtoto mbele za watu. Nikanyamaza. Yeye mwenyewe atakuja.' Hiyo habari alikuwa haichoki. Kila akija kwangu lazima aisimulie, vile mwanawe alivyopendeza."

Karanga zilinidondoka mkononi. Sesilia akadhani nimeumwa na mdudu.

Ulijua, Mama. Niliposimama mbele yako nikasema bwana mkubwa alitushikilia, ulikuwa umeshaniona nikipita nacheka. Ukanipa pole. Ukabeba uongo wangu treni mpaka Kisumu, meli mpaka Mwanza, ukaufikisha Kakese, ukausimulia kama sifa. Wala sijui ni lipi linaniuma zaidi: kwamba ulinisamehe, au kwamba hukuona hata kuna la kusamehe. Nimelia, na sina mtu wa kumwambia ninalia nini, kwa sababu wote wanaijua habari hiyo kama ya kufurahisha.

Sasa nimelichukua daftari la Sesilia, na nitakuandikia hapa neno nililoliweka mwisho, ulisikie kabla yake. Ile ya kusimama na kungoja sikuiandika. Ni kanuni nzuri, lakini inamtaka mtu wa pili awe mwema, na hilo siwezi kumhakikishia mdogo wangu juu ya mtu yeyote, hata mume wake, hata mimi. Nimemwandikia hivi:

"Sesilia, ukimwona mtu wako mjini, mwite. Hata awe na nani, hata awe amevaa nini, hata kama wewe umepiga magoti. Mwite kwa jina lake, kwa sauti. Asipogeuka, mwite tena. Usimhurumie aibu yake."

Lala salama, Mama. Sikupiti tena bila kukuamkia.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
yule uliyemwona.