Mume Wangu Alishusha Kinanda Bila Kuniambia

Mpendwa Shangazi, naomba msaada, tena uniwahi kabla sijavunja kinanda pamoja na mtu anayekipiga.

Mimi ni mwimbaji wa opera na pia nafundisha sauti chuo kikuu, wanafunzi wananiita Mama Kengele kwa ajili ya noti zangu za juu, na mume wangu ndiye mpiga kinanda wangu tangu ujana wetu, darasani yeye, jukwaani yeye, nyumbani yeye, sijawahi kuimba na mtu mwingine nikasikia raha. Sasa nimealikwa kuimba kwenye tamasha la chuo na okestra nzima, wimbo ule ule ninaowaonyesha wanafunzi kila wiki, nikaenda mazoezini nimenyoosha shingo, nikafika kwenye noti ya juu kabisa, Shangazi, ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Nikarudia, ikakataa. Nikawageukia wapiga fidla nikawafokea kwamba wamekaza nyuzi kupita kiasi, ala zote ziko juu, waanze upya! Wakapima mmoja mmoja mbele yangu, ziko sawa. Kiongozi wa okestra akaniambia, "Mama, tupumzike kidogo," kwa upole ulioniuma kuliko tusi.

Nikarudi darasani mbio, nikamwambia mume wangu nipigie, nikaimba, noti ikatoka safi! Nikasema unaona, ni wale na fidla zao. Yeye akainuka, eti anakwenda kunywa maji. Mwanamume akikumbuka kiu wakati mkewe anafurahi, ujue kuna jambo. Nikakaa mwenyewe kwenye kile kinanda cha umeme, nikatazama kioo chake kidogo, kumbe kimeshushwa toni nzima. Kuna kitufe, Shangazi, ukikibonyeza vidole vinagonga pale pale lakini sauti inatoka chini zaidi, kwa hiyo nilichokuwa naimba kwa majivuno kilikuwa wimbo ulioshushwa ili nisiaibike.

Aliporudi nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu ulipougua koo," akasema. "Nilianza na nusu toni tu, mke wangu. Nilidhani utagundua."

"Na nilipokosa kugundua?"

"Nikaona unafurahi."

"Nani mwingine anajua?"

Akaangalia viatu vyake. "Wanafunzi. Na mkuu wa idara."

"Na nani tena?"

"Dada yako."

Dada yangu! Ambaye hawezi kutofautisha kinanda na kabati! Shangazi, damu inanichemka hadi sasa. Wamenivika kilemba cha ukoka, wote, wananipigia makofi mbele na kuminya kicheko nyuma, na aliyenivika ni mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Halafu eti alikuwa ananisitiri! Hata kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, alikibonyeza kitufe kinanda kikarudi juu, akampigia msichana mmoja wa mwaka wa tatu wimbo huo huo kama ulivyoandikwa, msichana akakwama kwenye noti ile ile, nami nikamwangusha, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mimi nina umri wa mama yake na naifikia, yeye ni mvivu tu, maana alishaniomba wimbo wa chini kidogo nikamkatalia, sasa anarudia mwaka, na mume wangu alikaa pale kimya anakunja karatasi zake, ona alivyonifanya nionekane!

Nimemhamishia sebuleni. Niambie, Shangazi, nimfukuze kwenye kinanda peke yake au na kwenye nyumba? Na tamasha ni wiki ijayo, nipande jukwaani nikaaibike au nijifanye mgonjwa?

Ni mimi, Niliyechekwa.

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Kengele, pole. Pole ya kweli, kwa sababu kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa umeshapakwa vya kutosha.

Mumeo amekukosea, na neno "kusitiri" alirudishe alikolitoa. Mtu humsitiri mwenzake kwa kumwambia ukweli chumbani, mlango umefungwa, ili wa nje wasiwahi kucheka. Yeye alifanya kinyume: wa nje wote walijua, wewe wa chumbani ukabaki gizani. Huo ni woga. Alikuogopa, nami kwa namna ulivyowafokea wale wapiga fidla, naelewa kidogo kwa nini. Mkuu wa idara naye amenikera kupita kiasi. Alijua, akanyamaza, matokeo ya mtihani yakatoka.

Haya, tumemaliza kukuonea huruma. Sasa kaa vizuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza shingo yako, noti yako, viatu vya mumeo, hata ujinga wa dada yako. Yule msichana umemsukumia kwenye sentensi moja, katikati, na hata hapo umemalizia kwa kulalamika jinsi WEWE ulivyoonekana! Mwanamke, huna haya? Wote wawili mlikwama kwenye noti ile ile. Wewe ulibebwa kwa siri, yeye akaitwa mvivu hadharani. Aliomba wimbo unaolingana na koo lake, ukamnyima, kisha ukampima kwa kipimo ambacho wewe mwenyewe ulishakishindwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Wewe umepoteza sifa. Yeye umempotezea mwaka, na mwaka haushonwi kama gauni.

Usiniambie hukujua. Ulipomwangusha hukujua, sawa. Lakini ulipoketi kuniandikia ulikuwa unajua kila kitu, na bado ukauliza habari za kinanda, nyumba na jukwaa.

Mimi sijui kusoma noti, kwa hiyo nilimpigia simu rafiki yangu mwimbaji. Alicheka kwanza, kisha akaacha. Akasema, "Sauti hushuka, shoga yangu. Nyimbo nyingi huchapishwa za juu na za chini, mtu achague. Asiyejua kuchagua ndiye hafai kufundisha." Hayo ni maneno ya mtu wa kazi yako.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa kiongozi wa okestra umwambie ile noti huna tena, mchague wimbo mwingine ambao wapigaji wanaujua. Waombe radhi wale wa fidla, kwa mdomo, wakiwa wameketi wote. Ugonjwa wa kujifanya usiutaje tena, wewe si mtoto anayekwepa shule. Panda jukwaani.

Mumeo mrudishe chumbani ukiwa tayari, hilo ni lenu, lakini darasani asikupigie hadi muhula uishe. Tafuta mpigaji ambaye hakuogopi. Na kabla ya hapo mumeo aandamane nawe hadi kwa mkuu wa idara, aseme kwa kinywa chake alichokifanya, nawe uombe msichana asikilizwe upya na watahini wengine, kwa wimbo atakaouchagua yeye. Mkuu akianza kuzungukazunguka, usitoke ofisini. Hasira unayo nyingi, itumie huko.

Kisha mtafute msichana. Usimwite ofisini kwako, mfuate alipo, na umwambie mbele ya wale wale waliosikia ukimwita mvivu. Usimweleze habari za mumeo wala koo lako, hayo hayamhusu. Sema ulimwonea, basi.

Anaweza kukataa kukusamehe. Akikataa, usilie mbele yake akalazimika kukubembeleza. Muage kwa adabu, uondoke.