Wigi la Mwanasesere

Dada yangu,

Hatujambo. Kazi ya wanasesere inakwenda vizuri: nang'oa nywele za kiwandani, nawavalisha mawigi ninayoshona mwenyewe.

Juzi mwanamume nisiyemjua aliniletea mwanasesere na picha. "Mshonee wigi la nywele kama za huyu," akasema.

Aliyekuwa pichani ni binti yangu, langoni mwa shule, hana habari kwamba anapigwa picha.

"Unamfahamu?" nikamwuliza.

"Bado," akatabasamu.

Nikamwambia arudi Jumamosi. Picha nimeipeleka polisi. Watamngojea dukani pamoja nami. Dada, naogopa.

Shemeji yako anakuletea mtoto pamoja na barua hii. Mtoto mwenyewe anadhani ni matembezi. Nimemnyoa kipara; akilalamika, mwambie ni kwa sababu ya joto.

Mdogo wako