Masaa Kumi na Tatu na Nusu

Jumapili, 2 Juni

Mama anakuja! Miaka sita analea watoto wa watu huko mbali, leo ndiyo kapewa ruhusa. Anapanda ndege kesho, saa mbili usiku kwa saa zetu. Nikaingia kwenye simu, nikaandika mji wake na mji wetu. Papo hapo — kilomita 11,700, masaa kumi na tatu na nusu. Nikajumlisha kichwani. Jumanne saa tatu na nusu asubuhi! Walionicheka nilipoacha shule kidato cha kwanza waje waone kichwa kinavyochapa kazi.

Fundi, bosi wangu wa kuziba pancha, kasema ndege siyo risasi, niulize vizuri. Nikamwambia yeye ajaze upepo, hesabu aniachie mimi.

Jumatatu, 3 Juni

Hospitali. Sukari imemfanyia Bibi ubaya, mguu mweusi hadi kifundoni. Daktari anataka kuukata leo leo. Bibi kagoma. Haguswi mpaka mwanawe amshike mkono. Daktari akaniuliza mama anafika lini. Kifua mbele — kesho saa tatu na nusu! Kashusha pumzi. Basi saa nne, kasema, isizidi hapo, sumu inapanda.

Bibi akanikonyeza.

"Mume wangu, una uhakika?"

"Mke wangu, lini nimekosea?"

Nikamwambia akibaki na mguu mmoja ndiyo nitamshinda mbio. Kanizaba kofi la kisogoni. Nguvu bado anazo!

Jumanne, 4 Juni

Saa tatu na nusu. Mama hakuna.

Saa nne kasorobo simu, namba ngeni. Yeye! Yake imeisha chaji, kaazima ya msafiri. Nikauliza mizigo imeshatoka? Mizigo gani, kasema. Alishuka ndege ya kwanza alfajiri, yuko nchi ya watu anangoja ya pili. Itaondoka jioni. Halafu kuna ya tatu. Atafika kesho alasiri.

Nikakimbia na simu wodini aongee na Bibi. Ikakatika mlangoni. Napiga, haipatikani. Napiga tena.

Kumbe kwenye simu walipima mstari ulionyooka. Ndege ya kupita mstari huo haipo. Haipo kabisa! Na mimi sikuuliza.

Nimemwambia Bibi ukweli. Nimesema nimekosea, mama hafiki leo, akubali tu. Kacheka! Eti daktari kanituma nimdanganye ili wamkate haraka haraka.

"Mume wangu hakosei hesabu. Yuko njiani kutoka uwanjani huyo."

Nimeapa. Nimelia, mimi! Kanifuta machozi, kasema naigiza vizuri.

Saa saba. Weusi umekaribia goti. Nimemshika paji la uso, moto kama tairi iliyotoka safari. Daktari kaja na fomu mara ya tatu. Akili zake timamu, kasema, hawawezi kumlazimisha, na mimi siwezi kusaini kwa niaba yake. Labda mimi atanisikiliza, nimwambie tena. Nimwambie nini? Mimi ndiye niliyemwambia!

Saa nane na robo. Kaniomba niinue mto auone mlango. Kila ukilia anaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, anapangusa midomo.

Umelia tena. Kajiweka sawa. Ni mfagizi na ndoo yake —