Zamu ya Maji ya Jumapili

Kitengela,
Jumatano.

Kwa Baba yangu Gakuru,

Pokea salamu, wewe na Mama, na hata yule jogoo anayekudharau. Goti linaendeleaje? Mama anasema mbele ya daktari unalisifu, ukifika nyumbani unalilalamikia. Mimi ni mzima, hata nimenenepa; chapati za huku hazina huruma. Barua hii anakuletea Makokha akirudi Kimana na lori, baada ya kushusha vitunguu vyako sokoni hapa. Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati, na leo nataka nifike mwisho.

Masomo yanaenda vizuri. Nasikia kanisani umetangaza kwamba binti yako anasomea masters ya kompyuta za benki. Baba, jamani! Ni masters ya kutengeneza gemu, nilikuambia mara tatu. Ukaniuliza kama siku hizi watu wazima wanaenda chuo kikuu kucheza. Ndiyo Baba, na wengine wanafeli.

Gemu yangu ya kumaliza masomo inahusu huko kwetu. Kuna mfereji mmoja, mashamba mawili, na kila jirani ana siku yake ya maji. Ukifungua maji siku isiyo yako, miche ya mwenzako inakauka na hakuitikii salamu tena. Nimekuchora na ile kofia yako ya kijani. Sasa, siku ya kujaribu gemu, aliyeitengeneza hukaa nyuma kimya, wengine wakicheza. Mwenzangu Ilhan aliiba maji dakika ya pili, bila haya! Halafu akakaa saa nzima akimsalimu jirani, maskini, na jirani akimpa mgongo tu. Tulicheka hadi machozi.

Mwishowe Ilhan akauliza hawa watu wanapatana vipi. Mwalimu wetu, Daktari Makena, akauliza hilohilo. Akasema gemu haina mwisho, na nikiiwasilisha hivyo mwezi ujao nitaanguka. Nikamjibu kwamba sijui, kwa sababu huko kwetu hawajapatana. Nilikuwa mkweli, lakini si kabisa.

Baba, kama umesimama, keti. Ile Jumapili ya zamu ya Mzee Muthama wa ng'ambo ya mfereji, maji yake yalipopatikana shambani kwetu na miche yake ya nyanya ikakauka, ni mimi niliyeyafungua. Nilikuwa na miaka tisa. Nyote mlikuwa kanisani, mimi nimeachwa na tetekuwanga. Nilitaka mto wa kuchezea, wenye madaraja ya vijiti na ng'ombe wa udongo wakinywa kando. Nikavuta lile gunia la mchanga pale mferejini, maji yote yakaja kwetu. Mto ulipendeza sana, sitakudanganya.

Mzee Muthama akakuita mwizi mbele ya watu, nawe ukamwita mwongo. Nikaogopa kiboko, nikanyamaza. Sasa ni miaka kumi na saba. Zamani Krismasi mlichinja mbuzi mmoja pamoja. Siku hizi kila mtu na wake, na hakuna anayemmaliza.

Wewe hukuiba, Baba, naye hakusema uongo. Nyinyi wawili mlisema ukweli, mimi ndiye niliyenyamaza. Nisamehe. Mengine nimeandika nikicheka, lakini hapa nimelia.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Mzee Muthama. Nimemwomba msamaha kwa mkono wangu. Makokha angempelekea, lakini nimeona afadhali wewe. Kuvuka mfereji ni hatua mbili, hata kwa goti hilo. Mwalimu anataka kujua majirani wakipatana huambiana nini, na mimi sijawahi kusikia. Sikiliza vizuri, kisha unipigie unieleze yote. Mimi sitakukatiza.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na jogoo mwambie akuheshimu.

Ni mimi binti yako, mwizi wa maji,
Mwihaki